Njia ya msituni ni ya wote, sharti tujifunze kupishana

Asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya mvua ya vuli kunyesha usiku kucha, nilikuwa nikitembea katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, mahali ambapo kijia huteremka kwa ghafla na kupinda kabla ya kuufikia mto. Mbele yangu alikuwako mama mzee aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa imepita kwenye paji la uso kama ilivyo desturi ya akina mama wengi wa nyanda za juu. Mara wakachomoza vijana watatu waliopanda baiskeli za milimani. Wa kwanza alifunga breki kwa nguvu, gurudumu la nyuma likaburura tope, na akaponea chupuchupu kumgonga yule mama. Mama alijitupa kando, kuni zikatawanyika.

Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Kijana aliteremka, akavua kofia yake ngumu na kusema kwa adabu, "Pole sana, shosho. Lakini njia hii ni ya baiskeli."

Mama alimtazama kwa kitambo, kisha akamjibu bila ukali wowote. "Kijana wangu, mimi nimekuwa nikipita hapa kabla wewe hujazaliwa. Ni nani aliyekupa?"

Sote wanne tulinyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mwenye jibu. Tukaziokota kuni, tukazifunga upya, na kila mtu akaenda zake. Hata hivyo swali la yule mama halikuniondoka. Mfereji uliochimbwa na lile gurudumu katika udongo mwekundu pia haukuondoka. Nilipopita pale wiki mbili baadaye, maji ya mvua yalikuwa yameufuata na kuufanya korongo dogo la kutosha kumvunja mtu kifundo cha mguu.

Mimi si mhandisi wala si mtaalamu wa misitu. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani taaluma ya lugha. Walakini naamini kwamba kisa hiki kidogo kina mafunzo makubwa kwa yeyote anayejali mali ya umma katika nchi hii, na kwamba njia za baiskeli katika misitu yetu zitatuonyesha kama kweli tumejifunza kumiliki kitu kwa pamoja.

Hebu tuanze na swali la yule mama. Njia ya msituni ni ya nani? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 69 nacho kinaiagiza dola ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia, kulinda na kuhifadhi mazingira. Jibu la kisheria, basi, ni jepesi: njia ni ya wote. Ugumu unaanzia pale tunapotafsiri neno "wote". Kwa miaka mingi Mkenya amezoea kulifasiri neno "umma" kwa maana ya "si cha mtu", na kisicho cha mtu huliwa na wa kwanza kukifikia.

Karura yenyewe ni shahidi. Msitu huu wenye takriban hekta 1,041 ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa wastawishaji wa binafsi kana kwamba ni shamba lisilo na mwenyewe. Tunamkumbuka Profesa Wangari Maathai na wenzake waliokwenda kupanda miche mnamo Januari 8, 1999, wakashambuliwa na walinzi mbele ya lango, naye akajeruhiwa kichwani. Tunawakumbuka pia wanafunzi wa vyuo vikuu walioingia barabarani mwezi huohuo. Lau si watu hao, leo tungekuwa tunazungumzia mitaa ya makasri wala si njia za baiskeli.

Hata hivyo ushujaa peke yake haukutosha. Kwa takriban miaka kumi baada ya ushindi huo, Karura iliendelea kuogopwa. Raia mwema hakuthubutu kuingia humo kwa hofu ya wanyang'anyi. Kilichouokoa msitu mara ya pili hakikuwa maandamano. Kilikuwa kazi ya kila siku isiyo na mbwembwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilifungua mlango wa jamii kushirikiana na serikali, na chini ya sheria hiyo chama cha Friends of Karura Forest kikaanza kusimamia msitu bega kwa bega na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Ua wa umeme ukajengwa, vijana wa vitongoji jirani kama vile Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa upya kwa umma. Leo familia nzima huenda huko kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli katika njia zinazozidi kilomita 50, zenye nambari katika kila makutano ili mgeni asipotee.

Msitu umeokolewa mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwa wanyakuzi na mara ya pili kutokana na kutojaliwa. Hatari ya tatu ni ya aina nyingine kabisa, kwa maana inatokana na mapenzi yetu. Tumeupenda msitu hadi tukaanza kuukanyaga kupita kiasi. Bandu bandu huisha gogo, na kilima nacho humomonyoka gurudumu baada ya gurudumu, kiatu baada ya kiatu.

Mjadala unapozuka kuhusu baiskeli msituni, husikika sauti mbili. Ya kwanza yasema, "Zipigwe marufuku!" Wenye sauti hii huona kila mwendesha baiskeli kuwa mhuni mwenye pesa aliyekuja kuharibu utulivu wa watu. Sauti ya pili yasema, "Ni ardhi ya umma, tuacheni!" Wenye sauti hii huona kila kanuni kuwa uonevu. Kwa maoni yangu sauti zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja: zote zinadhani kwamba kitu cha wengi hakiwezi kutunzwa na wengi.

Dhana hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1968 mwanabayolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho yanayotumiwa na wote hayana budi kuharibika, maadamu kila mchungaji hufaidika kwa kuongeza ng'ombe mmoja zaidi ilhali hasara hugawanywa kwa wote. Kwa mujibu wa hoja hiyo, dawa ni mbili tu: ama mali iwe ya serikali, ama iwe ya mtu binafsi. Elinor Ostrom, naye wa Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu halisi wanavyotumia misitu, mifereji ya maji na maeneo ya uvuvi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba ziko jamii nyingi duniani ambazo zimetunza mali ya pamoja kwa vizazi, baadhi yake kwa karne kadhaa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Jamii hizo zilifanikiwaje? Ostrom alitaja masharti kadhaa. Mipaka ijulikane. Wanaoguswa na kanuni washiriki katika kuzitunga. Kuwe na wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji. Adhabu zianzie ndogo, ziongezeke kwa anayerudia kosa. Kuwe na mahali rahisi pa kusuluhisha ugomvi. Na serikali itambue haki ya watu kujipangia mambo yao. Msomaji atagundua kwamba katika orodha hiyo hamna jambo geni kwa mzee yeyote aliyewahi kuketi barazani kuamua nani anyweshe mifugo yake lini kisimani.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa ng'ambo hawakupitia haya. Mchezo wa kuendesha baiskeli milimani kama tunavyoujua leo ulikua katika wilaya ya Marin, jimboni California, katika miaka ya 1970, pale vijana walipozichukua baiskeli nzee zenye matairi manene na kuteremka nazo kwenye mlima Tamalpais na vilima jirani. Haukupita muda kabla ya waendao kwa miguu na wapanda farasi kulalamika. Wakuu wa huko wakaweka kikomo cha mwendo cha maili 15 kwa saa, na baiskeli zikafungiwa njia nyingi nyembamba. Mwaka 1988 vyama vya waendeshaji vya California viliungana kuanzisha shirika la kimataifa la mchezo huo, IMBA, baada ya kutambua kwamba asiyejiwekea kanuni mwenyewe huwekewa na wengine. Tangu hapo kazi yao imekuwa kufundisha namna ya kujenga njia zisizoharibika na namna ya kuzitumia pamoja na watu wengine.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kurejea katika uwanja wangu. Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kinabeba sheria yote ya njia ya msituni. Kitenzi hicho ni "kupisha". Asili yake ni "pita". Kama vile "waka" huzaa "washa", ndivyo "pita" huzaa "pisha", yaani kumfanya mwingine apite. Tazama hekima iliyomo. Kumpisha mtu ni kumwezesha apite, wala si kukimbia njia. Tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata "kupishana": mimi nakuwezesha wewe upite, nawe unaniwezesha mimi. Lugha yetu haimjui mwenye njia anayepita na asiye na njia anayeondoka. Inawajua watu wawili wanaosaidiana kupita.

Kupishana huku, nionavyo, kuna sura tatu: kuna kuwapisha watu, kuna kuyapisha maji, na kuna kuwapisha viumbe wenye msitu wao.

Kwanza ni watu. Kanuni inayokubalika katika nchi nyingi ni kwamba mwenye baiskeli humpisha mwenda kwa miguu, na anayeteremka humpisha anayepanda. Mantiki yake haina utata. Mwenye kasi ndiye mwenye uwezo wa kudhuru, kwa hivyo yeye ndiye mwenye wajibu. Isitoshe, apandaye mlima akisimama hupata taabu kuondoka tena. Katika kona isiyoona mbele, mwendeshaji hana budi kwenda kwa kasi inayomruhusu kusimama ndani ya umbali anaouona. Na anapomfikia mtu kutoka nyuma, apaze sauti. Wapagazi na wasukuma mikokoteni katika vichochoro vya Mombasa wana neno lao la jadi, "Simile!", ambalo humwarifu mtu kwamba mzigo unakuja, naye apishe. Sioni ni kwa nini neno hilo lisisikike katika msitu wa Nairobi. Lina adabu zaidi ya kengele, na lina faida ya kumfanya asemaye aonekane kuwa binadamu.

Vilevile si lazima kila njia iwe ya kila mtu. Zipo njia pana za magari ya msitu ambazo wote wanaweza kuzitumia kwa raha. Zipo nyembamba zinazofaa baiskeli, tena kwa kuelekea upande mmoja tu ili watu wasikutane uso kwa uso konani. Na zipo ambazo ziachiwe miguu peke yake, hasa kandokando ya mito na mahali pa wazee na watoto. Lililo muhimu ni kwamba mgawanyo huo usiamuliwe na mtu mmoja ofisini, wala na klabu moja ya waendeshaji. Uamuliwe katika kikao ambacho yule mama wa kuni ana kiti.

Hili si jambo la hisani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaorodhesha haki ambazo chama cha jamii kinaweza kukabidhiwa msituni. Katika orodha hiyo kuni zimo, dawa za mitishamba zimo, asali imo, na utalii na burudani vimo. Kuni na baiskeli zimeandikwa katika ukurasa mmoja wa sheria moja. Kijana hawezi kudai kwamba burudani yake ni haki ilhali kuni za mama ni usumbufu. Kinyume chake pia ni kweli.

Pili ni maji. Wengi hudhani kwamba adui mkuu wa njia ni gurudumu. Utafiti wa John Wilson na Joseph Seney uliofanywa katika njia za milimani jimboni Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kwato za farasi na miguu ya watu zililegeza udongo zaidi kuliko magurudumu. Nakiri kwamba matokeo hayo yalinishangaza, na yanapaswa kuwanyamazisha kidogo wanaotaka baiskeli zifukuzwe kwa hoja ya mmomonyoko pekee. Hayampi mwendeshaji ruhusa ya kuburura tairi matopeni, lakini yanatuelekeza kwa mharibifu halisi. Huyo ni maji yanayopata mahali pa kukimbilia.

Njia inayoshuka kilima moja kwa moja, hata kama hupitwa na mbuzi tu, itageuka mfereji. Wajenzi wa njia wana kanuni zao. Mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima inakopita. Kwa wastani, njia isipande zaidi ya mita moja kwa kila mita 10 za mwendo. Ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kidogo kuliko ule wa upande wa kilimani, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Na kila baada ya mwendo mfupi pawe na kinyanyuko, ili maji yaliyokwisha kuingia yalazimike kutoka. Kwa maneno mengine, njia njema ni ile inayoyapisha maji.

Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji jembe, sululu, reki na watu wanaojua wanachokifanya. Inahitaji pia subira. Udongo mwekundu wa Karura ukikauka hustahimili mengi, lakini ukilowa huwa laini mno, na alama inayoachwa ndani yake wakati wa masika hukauka ikawa mfereji wa mvua inayofuata. Kwa hivyo baada ya mvua kubwa baadhi ya njia zifungwe kwa siku mbili au tatu, na bango liwekwe langoni kueleza sababu. Mtu akielezwa hutii kwa urahisi kuliko anapokatazwa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta wenyewe ni ghali.

Tatu ni wanyama. Kuanzia mwaka 2014 mbega walihamishwa kutoka Kipipiri na kuletwa Karura, ambako wamepata makao. Mbawala, paa wadogo na nguruwe-mwitu nao wamo. Kila kijia kipya kinachokatwa bila idhini kinapunguza kichaka cha kujificha, na kila taa kali ya baiskeli inayopita baada ya jua kutua inamwondoa mnyama katika saa zake. Njia za mkato zinazochongwa na vijana wachache wanaotafuta msisimko ni wizi mdogo wa ardhi ya umma. Huenda neno hilo likaonekana kali. Lakini aliyepewa hekta na aliyejichukulia mita moja wamefanya kitendo cha aina moja, ingawa hawakulingana kwa ukubwa wa dhambi.

Baada ya kusema haya yote, kuna swali la nani afanye kazi na kwa pesa za nani. Mwezi Agosti mwaka 2025 KFS ilipoagiza malipo ya kuingia Karura yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, malalamiko yalizuka. Wengi walihofu kwamba pesa zikienda Hazina hazitarudi msituni. Sikusudii hapa kuhukumu ubishi huo. Natumia tu nafasi hii kusema kwamba hofu hiyo ilikuwa na mzizi. Mwananchi hulipa kwa moyo mkunjufu anapoona shilingi yake imegeuka kuwa daraja, bango au mshahara wa mlinzi anayemjua kwa jina. Asipoiona, hulipa kwa kinyongo, na mwenye kinyongo hainamii jembe. Vyovyote vile pesa zinavyokusanywa, hesabu yake ibandikwe langoni kila baada ya miezi mitatu: zilizoingia ni hizi, zilizotumika kurekebisha njia ni hizi.

Nawageukia waendesha baiskeli wenyewe, ambao wengi wao ni vijana niwapendao kwa ari yao. Ninyi ndio mnaoijua njia kuliko afisa yeyote, kwa sababu mikono yenu huhisi kila jiwe kupitia usukani. Basi kila klabu na ichukue kipande chake cha njia, na Jumamosi moja ya kila mwezi baiskeli ziegemezwe mitini, majembe yashikwe. Anayekodi baiskeli langoni kwa saa moja hawezi kuombwa hivyo, lakini ajirani na mzoefu anaweza. Anayevunja kanuni mara ya kwanza aonywe, mara ya pili apewe sululu badala ya faini, mara ya tatu azuiwe kuingia kwa muda. Mwenye kuinama akachimba mfereji wa kutolea maji kwa mikono yake hatauziba kesho kwa gurudumu lake.

Kwa upande wa wasimamizi, nina ombi moja ambalo mtu wa taaluma yangu hawezi kuliacha. Mabango mengi niliyoyasoma msituni humo yameandikwa kwa Kiingereza. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni ambayo yule mama hawezi kuisoma haikutungwa kwa ajili yake, na asiyehesabiwa wakati wa kutunga kanuni hawezi kulaumiwa kwa kuivunja. Ni gharama gani kubwa kuandika kwenye kona ile, "Punguza mwendo. Wapishe waendao kwa miguu"? Ni maneno matano au sita tu. Lau yangekuwapo asubuhi ile, huenda kuni zisingetawanyika.

Wapo watakaosema kwamba ninalikuza jambo dogo, kwamba nchi ina njaa, deni na ukosefu wa kazi, nami nahangaika na vijia vya baiskeli. Nawaelewa. Lakini nawauliza: tutajifunzia wapi kuvitumia vitu vikubwa kwa pamoja ikiwa kijia chenye upana wa hatua mbili kimetushinda? Barabara zetu ambako matatu humsukuma mwenda kwa miguu mtaroni, mito yetu ambako wa juu humnyima wa chini maji, masoko yetu ambako mwenye nguvu humfukuza mwenye kikapu, yote haya ni matatizo ya kutojua kupishana. Msitu ni darasa dogo, lenye hewa safi na ada nafuu.

Juzi nilimwona tena yule mama katika njia ileile. Tulisalimiana, akaniuliza kama wale vijana walipata mtu wa kuwajibu. Nilimwambia bado. Akacheka, akarekebisha kamba kwenye paji lake, akasema, "Basi na waje tuongee. Mimi nipo hapa kila wiki."

Huo ndio mwaliko. Ninawaomba viongozi wa klabu za baiskeli, chama cha msitu na maafisa wa KFS wauitikie kabla ya masika, kwa maana mvua haisubiri kikao.